Warusha roketi dhidi ya ATF: kesi ya miaka tisa iliyoilazimisha serikali ya Marekani kutoa sababu

#1 — Mleta mada

Wanajukwaa, salaam. Tukijadili humu uwajibikaji wa vyombo vya dola, mara nyingi mazungumzo huelekea kwenye mahabusu, risasi na hongo. Leo ninaleta kesi isiyo na lolote kati ya hayo. Ni kesi ya watu wanaorusha roketi za kujiundia siku za mapumziko, ambao waliishtaki ATF, idara ya serikali ya shirikisho ya Marekani inayosimamia vilipuzi, wakakaa nayo mahakamani miaka tisa, na mwishowe wakashinda. Hawakushinda kwa kuthibitisha kwamba idara ile ina watu wabaya. Walishinda kwa sababu idara iliulizwa swali moja la kitaalamu, ikapewa nafasi ya kulijibu upya baada ya jibu la kwanza kukataliwa, na jibu la pili nalo likakataliwa.

Walalamikaji walikuwa vyama viwili: National Association of Rocketry, kilichoanzishwa mwaka 1957, na Tripoli Rocketry Association, kilichoanza mwaka 1964 kama klabu ya sayansi katika jimbo la Pennsylvania. Wanachama wao ni walimu, wahandisi, wastaafu, na wazazi wanaoandamana na watoto wao. Roketi zao huundwa kwa maboksi magumu, mbao nyepesi au nyuzi za kioo, na mota zake hupangwa kwa herufi, ambapo kila herufi inaweza kubeba nguvu maradufu ya ile iliyotangulia. Mtoto wa shule hurusha mota za A, B au C. Kuanzia H kwenda juu mtu hulazimika kufanya majaribio ya kuthibitishwa na chama, na herufi za M, N na O ni za wale waliofika daraja la tatu, ambao roketi zao hupimwa kwa kilometa.

Fueli ya mota nyingi kubwa ni kitu kigumu kinachofanana na mpira: chumvi ya amoniamu perklorati pamoja na unga wa aluminiamu, vilivyoshikanishwa kwa utomvu wa mpira wa viwandani. Kwa kifupi huitwa APCP. Ni jamii ileile ya fueli iliyojaza zile nguzo mbili nyeupe zilizokuwa zikikisukuma juu chombo cha anga cha NASA, kila nguzo ikibeba takriban tani 500. Ukiiwasha inaungua kwa ukali na kutoa gesi nyingi, na gesi hiyo ikitokea nyuma ndiyo inayoisukuma roketi.

Sasa tuje kwenye sheria. Mwaka 1970 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kudhibiti uhalifu wa kupangwa, na sehemu yake ya kumi na moja ikaweka utaratibu wa vilipuzi. Sheria hiyo inasema kwamba kilipuzi ni kemikali, mchanganyiko au kifaa ambacho kusudi lake kuu au la kawaida ni kufanya kazi kwa kulipuka, na inaitaka serikali ichapishe kila mwaka orodha ya vitu vinavyoingia katika maana hiyo. Idara ya ATF, wakati huo ikiwa chini ya Wizara ya Fedha, iliiweka fueli hii katika orodha tangu mwaka 1971. Kitu kikishaingia humo, kukinunua bila kibali pale kibali kinapotakiwa ni kosa linaloweza kumpeleka mtu gerezani hadi miaka 10.

Kwa muda mrefu warusha roketi hawakuumia sana, kwa kuwa kanuni zilikuwa na msamaha kwa vifaa vinavyoendeshwa na nguvu ya fueli ya msukumo, na wao waliamini kwamba mota zao zimo. Kisha idara ikaanza kueleza, kwa barua na si kwa kanuni, kwamba mota isiyodhibitiwa ni ile yenye gramu 62.5 za fueli au pungufu. Namba hiyo haikutoka hewani, kwa maana ndiyo kikomo cha fueli katika mota ndogo za kuchezea chini ya kanuni za usalama wa moto za NFPA, chama cha Marekani cha kuzuia moto. Lakini kanuni za usalama wa moto zilikiweka kikomo hicho ili kutenganisha roketi ndogo na kubwa. Hazikusema kwamba gramu ya 63 hugeuza mota kuwa kilipuzi.

Februari 2000 vyama vile viwili vilifungua shauri katika Mahakama ya Wilaya ya Washington. Hoja zao kuu zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kwamba fueli hii haifanyi kazi kwa kulipuka, hivyo haikustahili kuwamo katika orodha. Ya pili ni kwamba msimamo kuhusu msamaha ulibadilishwa bila kutangazwa na bila wananchi kupewa nafasi ya kutoa maoni, kama inavyotakiwa na sheria ya mwenendo wa utawala ya mwaka 1946.

Shauri likiwa bado linaendelea, mashambulizi ya Septemba 2001 yakatokea. Mwaka uliofuata ikapitishwa sheria mpya ya usalama wa vilipuzi iliyoanza kutumika Mei 2003. Kabla yake, aliyenunua kilipuzi ndani ya jimbo lake mwenyewe hakuhitaji kibali cha shirikisho. Baada yake kila mnunuzi alikihitaji, pamoja na alama za vidole, picha na uchunguzi wa mwenendo wake. Idara yenyewe ilihamishiwa Wizara ya Sheria Januari 2003. Kwa hiyo jambo lililoanza kama kero ya wachache liligeuka kuwa suala la kama mchezo huu utaendelea kuwepo.

Wapo waliodhani kwamba njia fupi ni Bunge. Seneta Mike Enzi wa Wyoming alipeleka muswada mwaka 2003 wa kuwaondoa warusha roketi katika masharti hayo. Maseneta Charles Schumer na Frank Lautenberg waliupinga kwa hoja za ugaidi, na haukufika kuwa sheria. Mimi sishangai. Hakuna mwanasiasa ambaye, miaka miwili baada ya Septemba 2001, angetaka jina lake lisomwe karibu na maneno kulegeza na vilipuzi katika sentensi moja.

Mahakama ndiyo iliyobaki. Machi 2004 Jaji Reggie Walton aligawa ushindi: kuhusu msamaha alikubali kwamba idara ilikiuka utaratibu wa kutangaza na kupokea maoni, lakini kuhusu fueli yenyewe aliiachia idara, akisema suala la kitaalamu kama hilo ni la wataalamu wake. Vyama vikakata rufaa. Februari 2006 Mahakama ya Rufaa, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Harry Edwards, ikasema kwamba maelezo ya idara hayana mshikamano. Idara ilikuwa imedai kwamba fueli hii huungua kwa namna ya kasi ambayo wataalamu huiita deflagresheni, na kwamba namna hiyo ni aina ya mlipuko. Majaji wakauliza: kasi gani? Mpaka uko wapi kati ya kitu kinachoungua tu na kitu kinachoungua kwa namna hiyo? Jalada lote halikuwa na kigezo.

Suala likarudishwa kwa idara ifikirie upya. Oktoba 2006 idara ikarudi na barua ya uamuzi inayosema yaleyale: fueli ni kilipuzi. Machi 2009 Jaji Walton, yuleyule aliyeiachia miaka mitano kabla, akaamua kwamba uamuzi huo ni wa kiholela, akaubatilisha. Fueli ikatoka katika orodha.

Karibuni tujadili. Ninaomba tu tusitoke nje ya mada, na mtu yeyote asilete humu namna ya kutengeneza chochote.

#2

Mleta mada, nakupongeza kwa uzi uliopangika, lakini mimi ninatoka Tanga na nitakuwa mgumu kidogo kushawishika. Sisi huku pwani, kuanzia Tanga hadi Kilwa na Mtwara, tumeona uvuvi wa baruti ulivyovunja matumbawe na ulivyokata watu mikono. Baruti ile haikuletwa na majini. Ilivuja kutoka mahali palipokuwa na kibali halali, kama machimbo ya mawe na migodi, hadi kwa wavuvi. Kwa hiyo nikisikia raia wanataka kuondolewa katika orodha ya vilipuzi, silioni moja kwa moja kama jambo la uhuru.

Tena kuna kitu hukukitaja. Tarehe 4 Mei 1988 kiwanda cha PEPCON kule Henderson, Nevada, kililipuka, watu wawili wakafa na mamia wakajeruhiwa. Kiwanda hicho kilikuwa kinatengeneza amoniamu perklorati, chumvi ileile unayoisema ndiyo kiini cha fueli hiyo. Sasa utaniambiaje kwamba idara haikuwa na sababu? Na Oklahoma City, mwaka 1995, watu 168 waliuawa kwa bomu lililotokana na mbolea ya kawaida na mafuta. Kitu kuuzwa dukani hakukifanyi kiwe salama.

#3 — Mleta mada

Ndugu wa Tanga, pingamizi lako ni zito, na ninalijibu kipande kwa kipande.

Kuhusu PEPCON, mazingira yake yanafaa kuelezwa kikamilifu, kwa sababu nayo ni hadithi ya uwajibikaji. Baada ya chombo cha Challenger kuharibika angani Januari 1986, safari za anga zilisimama, lakini uzalishaji wa chumvi hiyo haukusimama. Maelfu ya tani yaliyopaswa kwenda kwenye fueli ya NASA yakarundikana kiwandani, mengi yakiwa katika mapipa ya plastiki na ya aluminiamu. Moto ukaanza, ukafika kwenye mapipa. Kilicholipuka ni chumvi ghafi kwa wingi usiofikirika, ikiwa ndani ya moto pamoja na vitu vinavyoungua. Fueli iliyokwisha kufungwa katika mpira ni kitu kingine kwa tabia yake, na hata idara haikuwahi kudai kwamba mota ya roketi inalipuka kwa wimbi la mshtuko kama baruti ya mgodini. Dai lake lilikuwa dogo zaidi, kwamba uunguaji wake ni wa kasi ya kutosha kuitwa mlipuko.

Hapo ndipo neno kutosha lilipoleta taabu. Walalamikaji walionyesha kwamba fueli ya mota zao huungua kwa milimita kadhaa kwa sekunde. Idara ingeweza kusema: tunaweka mpaka hapa, kwa sababu hii, na vipimo vyetu ni hivi. Kama ingefanya hivyo mwaka 2000, au hata mwaka 2006, ninaamini ingeshinda, kwa sababu mahakama za Marekani huwa haziingilii kirahisi hesabu za maabara za serikali. Haikufanya hivyo. Iliegemea maandiko ya jumla na ukweli kwamba kitu hicho kimekuwa katika orodha tangu zamani.

Kuhusu Oklahoma City, mfano huo unaniunga mkono mimi kuliko wewe. Mbolea ya amoniamu naitreti peke yake haikuingizwa katika orodha ya vilipuzi baada ya mauaji yale. Bunge lilisubiri hadi mwaka 2007 kutunga sheria ya kufuatilia mauzo yake, wizara ya usalama wa ndani ikatoa pendekezo la kanuni mwaka 2011, na kanuni hiyo haikukamilishwa. Wakati huohuo mwalimu mstaafu mwenye mota ya gramu 200 alikuwa anatakiwa kupeleka alama za vidole. Ukiupanga usimamizi kwa kufuata ukubwa wa hatari, hutapata mpangilio huo. Ukiupanga kwa kufuata nani ana kundi kubwa la wakulima na viwanda nyuma yake, utaupata.

Na kuhusu baruti ya wavuvi, ninakubaliana nawe kabisa. Lakini angalia ulichokisema: ilivuja kutoka kwa wenye vibali. Dawa yake ni hesabu za maghala na ukaguzi wa migodi, yaani serikali kuwafuata wale iliowapa ruhusa. Kuongeza orodha hakulifikii ghala hilo.

#4

Wakuu, mimi ni wakili, na ningependa kuongeza jambo ambalo mleta mada amelipita haraka. Kati ya Februari 2006 na Machi 2009 hali ya warusha roketi haikubadilika. Mahakama ya Rufaa haikuifuta fueli katika orodha. Iliona sababu hazitoshi na ikarudisha suala kwa idara, huku orodha ikiendelea kutumika. Kwa mwananchi hiyo inamaanisha kwamba ameshinda, na bado akikutwa na mota bila kibali anaweza kushtakiwa. Tena katikati ya kipindi hicho, Agosti 2006, idara ilikamilisha kanuni rasmi ya gramu 62.5, safari hii ikifuata utaratibu wa kutangaza na kupokea maoni. Ushindi wa kiutaratibu wa mwaka 2004 ukawa umeifundisha idara namna ya kufikia matokeo yaleyale kwa njia halali. Wanaofurahia ushindi wa kiutaratibu wawe na subira na jambo hilo.

La pili, kesi hii iliamuliwa katika zama ambazo mahakama za Marekani zilikuwa zinaziheshimu sana tafsiri za idara za serikali, kufuatia uamuzi wa Mahakama ya Juu ya nchi hiyo wa mwaka 1984 katika shauri la Chevron. Uamuzi huo ulitenguliwa Juni 2024 katika shauri la Loper Bright, na tangu hapo majaji wa huko wanatafsiri sheria wenyewe. Wapo wanaosema kwamba leo warusha roketi wangeshinda mapema zaidi. Huenda. Ila kwangu uzito wa hukumu ya 2006 uko katika wakati wake: hata chini ya heshima ile kubwa, majaji walisema kwamba utaalamu usioandikwa hauwezi kuheshimiwa, kwa kuwa hakuna kilichowekwa mezani cha kuheshimiwa.

Kwa wasomaji wa kwetu, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 47, inampa kila mtu haki ya uamuzi wa kiutawala ulio halali, wa busara na wa haki kiutaratibu, na anayeathirika ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sheria ya mwaka 2015 ikaweka namna ya kuitekeleza haki hiyo. Tanzania njia ni mapitio ya mahakama chini ya Sura ya 310 ya sheria za nchi, ambapo mwombaji huanza kwa kuomba ruhusa Mahakama Kuu ndani ya miezi sita tangu uamuzi kutolewa. Tofauti kubwa ninayoiona ni nani anaruhusiwa kusimama mahakamani. Kule vyama viwili vilishtaki kwa niaba ya wanachama wao bila shida. Kwetu Tanzania, tangu marekebisho ya mwaka 2020, anayefungua shauri la haki za msingi chini ya Sura ya 3 hutakiwa kuapa jinsi yeye binafsi alivyoathirika. Chama cha watu wa mchezo fulani kikitaka kupambana na orodha ya serikali, hapo pangekuwa kizingiti cha kwanza kabla fueli yenyewe haijatajwa.

#5

Salaam kutoka Marekani. Mimi ni Mkenya ninayeishi huku, na ni mwanachama wa mojawapo ya vyama hivyo. Mleta mada ameeleza vizuri, ila msomaji anaweza kudhani kwamba baada ya 2009 mambo yamekuwa holela, na hilo nataka kulisahihisha.

Siku ya kurusha, roketi yako haifiki kwenye nguzo ya kurushia kabla ya kukaguliwa na msimamizi wa usalama. Anauliza uzito, mota, kitovu cha uzito na mahali mwavuli ulipofungwa, na akikataa umekataliwa. Umbali wa kusimama huongezeka kulingana na nguvu ya mota. Mamlaka ya anga, FAA, lazima iwe imetoa ruhusa ya eneo hilo kwa roketi kubwa, na ndiyo maana mikusanyiko ya roketi kubwa zaidi hufanyika katika majangwa kama Black Rock kule Nevada, ambako hakuna nyumba wala njia ya ndege yenye msongamano. Muuzaji hakuuzii mota ya daraja ambalo hujathibitishwa. Usafirishaji wake bado uko chini ya kanuni za mizigo hatari. Masharti haya yote yalikuwapo kabla ya kesi, na hakuna lililoondolewa na Jaji Walton.

Kilichoondoka ni tabaka la ATF kwa fueli hii. Zamani, chini ya masharti yale, mwenye mota kubwa alihitaji kibali cha dola 100 kwa miaka mitatu, au kile chenye kikomo cha dola 25 kwa mwaka mmoja, pamoja na mahali halali pa kuhifadhia. Hapo pa kuhifadhia ndipo palipokuwa mlima. Ghala la ndani halikuruhusiwa kuwa katika nyumba ya kuishi, na anayepanga chumba katika jengo la ghorofa angelijenga wapi? Wengi walitegemea muuzaji kuja uwanjani na kununua kiasi cha siku hiyo tu.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui, na linatugusa sisi wageni. Sheria ile ya 2002 iliwaongeza raia wengi wa kigeni wasio na ukaazi wa kudumu katika orodha ya watu wasioruhusiwa kumiliki vilipuzi. Fikiria mwanafunzi wa uhandisi kutoka Nairobi au Dar es Salaam aliye huku kwa viza ya masomo, na chuo chake kina timu ya roketi. Fueli ikiwa katika orodha, kuishika mota kungemweka katika hatari ya kosa la jinai, hata kama wenzake wote wana vibali. Fueli ilipotoka, zuio hilo likatoka pamoja nayo kwa upande wa mota. Hakuna aliyefungua kesi ile kwa ajili ya wanafunzi wa Kiafrika, lakini faida imewafikia.

#6

Nimesoma hadi hapa kwa makini, na ninawashukuru. Nina maswali mawili kwa mleta mada. Kwanza, nani alilipa? Mawakili wa miaka tisa si bei ya sambusa. Pili, huku kwetu Juja wanafunzi wa mradi wa Nakuja wa chuo kikuu cha JKUAT wanaunda roketi za fueli mango, na Kenya bado inatumia Sheria ya Vilipuzi, Sura ya 115, iliyoandikwa kwa kuwafikiria wachimbaji wa madini. Je, kuna la kujifunza kabla ya kufika mahakamani?

#7 — Mleta mada

Mkuu, gharama zilibebwa na wanachama wenyewe kwa michango, mwaka baada ya mwaka. Marekani ina sheria ya tangu mwaka 1980 inayomruhusu aliyeishinda serikali kuomba arudishiwe gharama za mawakili pale ambapo msimamo wa serikali haukuwa na msingi wa kutosha, na vyama viliitumia kuomba. Lakini fedha hizo huja mwisho. Chama kisicho na akiba hufa katika mwaka wa tatu au wa nne, na idara inayoshtakiwa inalijua hilo, kwa kuwa mawakili wake hulipwa mshahara kesi iendelee au isiendelee.

Kuhusu Juja, ningeanza na barua. Chuo kinaweza kuiandikia mamlaka ya vilipuzi na kuuliza kwa maandishi kama fueli wanayotumia inahesabiwa kuwa kilipuzi, na kwa kigezo gani. Wakili hapo juu ametaja ibara ya 47. Jibu likija bila kigezo, barua hiyo ndiyo kielelezo cha kwanza cha siku zijazo. Likija na kigezo, wanafunzi watajua mahali pa kusimama, na usalama wao utakuwa umeandikwa badala ya kutegemea hisia za ofisa wa zamu. Warusha roketi wa Marekani walikaa miaka mingi wakitegemea msamaha waliodhani wanao, bila mpaka wake kuandikwa katika kanuni, na hilo ndilo lililowagharimu barua za idara zilipoanza kuja.

Na kwa kuwa ndugu yetu wa Tanga ana wasiwasi kwamba kila kitu kilifunguliwa, nimalizie kwa yaliyobaki. Katika orodha ya ATF bado zimo michanganyiko ya kulipuka ya amoniamu perklorati, ila sasa kuna maneno katika mabano yanayoitoa fueli ya APCP. Chumvi yenyewe ikisagwa hadi chembe zake ziwe chini ya maikroni 15 bado ni kilipuzi mbele ya sheria. Baruti nyeusi nayo bado imo, na hapa kuna kichekesho ambacho kesi haikukigusa. Sheria inamruhusu mtu mwenye bunduki ya kale kununua hadi ratili 50 za baruti nyeusi ya kiwandani, karibu kilo 23, bila kibali, mradi ni kwa michezo, burudani au utamaduni wa bunduki hizo. Mrusha roketi anayehitaji gramu chache za baruti hiyohiyo ili kusukuma mwavuli utoke roketi ifikapo kileleni hana msamaha huo, na akiinunua kwa kazi hiyo anahitaji kibali cha ATF, na akiiweka akiba, ghala.